Neno Ambalo Mama Hakuliandika

Hivi karibuni, katika ofisi ya walimu ya shule ninakofundisha, tuliunganisha kompyuta mbili kwa waya ili mwenzangu aweze kulifikia faili la matokeo lililokuwa kwenye mashine yangu. Alipolibonyeza, kidirisha kidogo kilijitokeza katikati ya kioo kikimtaka aandike jina na neno la siri. Akaandika jina lake, kikakataa. Akaacha patupu, kikakataa. Wenzetu wakaanza kumtania kwamba hata kompyuta inawatambua wasiochangia sukari ya chai. Mimi niliyelijua jibu nilijikuta nimesimama nyuma yao nikinusa harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya mashine kuukuu. Harufu hiyo kwangu haiji peke yake. Huja na maganda ya machungwa, na huja na sauti ya mwanamume anayelitaja jina langu polepole, silabi baada ya silabi, ndani ya nyumba yetu.

Sisi tuliokulia Tanga wakati viwanda vikifunga malango, kimoja baada ya kingine, tuliyajua mabadiliko ya nchi kwa kuwatazama baba zetu. Wangu alikuwa karani katika kiwanda ambacho siku moja kilikuwa cha umma, siku nyingine kikawa cha mtu, na siku ya tatu hakikuwa cha yeyote. Alirudi nyumbani na kompyuta mbili zilizouzwa pamoja na viti na makabati ya ofisi, akazishusha kwenye mkokoteni kama anayeshusha jeneza. Tukaondoka katika nyumba za kiwanda tukahamia Usagara, nikaanza shule mpya ambako hakuna aliyenijua. Baba akaingia katika biashara ya machungwa, akawa anakwenda Muheza alfajiri na kurudi jioni. Mama, aliyesomea uhazili kabla ya kuolewa, akafungua steshenari katika chumba cha mbele.

Kompyuta moja ilikaa hapo mbele pamoja na printa, chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Nyingine iliwekwa chumba cha nyuma, palipohifadhiwa machungwa yanayosubiri wateja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi zaidi ya kutunzia kazi. Mwanzoni Mama alihamisha kazi kwa flopi, lakini hewa ya chumvi ya mji wetu haina huruma kwa vitu vidogo; flopi ziliota ukungu, kisha tundu la kuziingizia likashika kutu. Ndipo Baba akamwita fundi kijana aliyepitisha waya wa bluu juu ya milango, ili kazi inayokaa nyuma ionekane mbele na kuchapishwa bila mtu kuinuka kitini.

Waya ulipita vizuri. Mashine ndizo hazikukubaliana. Kila Mama alipotaka kufungua kazi zilizokuwa nyuma, kidirisha kilimuuliza jina na neno la siri, na hapakuwa na neno lolote la siri katika nyumba yetu. Baba alikuwa amekataa, akisema nyumbani si benki. Akabonyeza patupu mara nyingi, akazima, akawasha, akapuliza vumbi kwenye ncha za waya. Fundi aliporudi alieleza jambo ambalo nililielewa nikiwa mtu mzima. Mashine ile, alisema, humwamini mtu aliyeketi mbele yake hata akiwa hana neno la siri, lakini anayekuja kwa njia ya waya ni kama mgeni aliye nje ya mlango. Akibisha bila kusema lolote, hafunguliwi. Dawa ni kuandika jina moja na neno moja kwenye mashine zote mbili, ili ukifungua ya mbele kwa jina hilo, ya nyuma ikutambue bila maswali.

Pengine Baba angeendelea kukataa kama Mwalimu Mkuu wa shule yetu asingepiga hodi wiki ile ile. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, msafi wa mavazi, mwenye mazoea ya kufuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Alikuwa akitafuta mahali pa kuchapisha mitihani ya muhula ya shule nzima. Kwa nyumba yetu, iliyoishi kwa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi zilizokuja kwa msimu, kazi ya shule ilikuwa ndiyo tofauti ya kula na kuazima. Baba alimkaribisha kwa mikono miwili. Mwalimu Mkuu alikunywa chai, akanitazama nikipita na ndoo, akaweka sharti. Mtoto wao yuko shuleni kwake. Yeye ndiye aliyemwandikisha. Kwa hiyo mitihani itakaa mahali palipofungwa, na mtoto asisogelee mashine.

Nilikuwa uani nikiyasikia. Sikujua kwamba mtu anaweza kufungiwa kitu kabla hajakitamani.

Fundi, kama nilivyokuja kusimuliwa nikiwa mkubwa, alipouliza jina na neno la kuweka, alisisitiza liwe lile ambalo mwenye nyumba hatalisahau. Baba hakufikiri. Alitaja jina la mama yake, likawa jina na likawa neno la siri pia. Mwanamume gani husahau jina la mama yake? Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alishusha macho, akaweka sinia mezani, akarudi jikoni.

Hapa sina budi kueleza desturi, kwa maana najua wapo wa rika langu waliolelewa mijini bila hiyo. Kwa watu wa baba yangu, mke hatamki jina la mkwe wake. Hatamki mbele yake wala nyuma yake, haliandiki, na akikutana nalo kwa mtu mwingine hulizunguka. Bibi yangu, mama yake Baba, aliishi nasi, na mimi nilizaliwa kuwa somo wake. Jina lake ndilo langu. Kwa hiyo Mama hakuwahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita "Mkwe" akifurahi, "Mama" siku za kawaida, na "wewe binti" nikimuudhi. Wenzangu waliitwa majina yao na mama zao kutoka upenuni, na mimi niliitwa kama mtu mzima, nami niliona ni heshima.

Mama aliishika desturi hii kuliko waliozaliwa nayo, na nadhani sasa naijua sababu. Baba yake alikuwa miongoni mwa manamba, watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, na Mama alizaliwa kambini, katika mstari wa vyumba visivyo na uwanja. Bibi hakuwa mkatili, lakini chakula kikizidi chumvi alikuwa na msemo wake: "Ndiyo mapishi ya manamba hayo, yanatiwa chumvi kwa sepetu." Watu walicheka, na Mama alicheka pamoja nao. Mwenyeji akivunja mila huambiwa amesahau. Mgeni akiivunja huambiwa hakuwa nayo.

Mimi, kwa akili za kitoto, niliyasoma mambo hayo vibaya. Kila asubuhi kabla ya kuondoka Baba aliketi mbele ya mashine, akabonyeza vitufe vichache, na kazi zote za nyuma zikaonekana. Lakini ikitokea mashine ikazimika mchana, Mama aliketi pale pale, akabonyeza pale pale, na kidirisha kikamrudishia maneno yake ya Kiingereza nisiyoyajua. Basi alifunika printa kwa kitambaa akasubiri jioni. Nilifikia uamuzi kwamba mashine inatambua damu. Ilikuwa mali ya Baba, ya ukoo wa Baba, na ilijua kwamba Mama ni wa kuja. Sikumwambia mtu. Nilimwonea haya tu, kama unavyomwonea haya mtu aliyevaa nguo iliyochanika nyuma bila kujua.

Siku ya kuchukua mitihani, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kuanza kuifanya, kulikuwa na msiba kwa jamaa zetu Muheza. Baba aliondoka na Bibi asubuhi mapema. Kabla ya kuondoka Baba alifungua mashine kama kawaida, akamwachia Mama kazi ya kuchapisha tu. Mama alikuwa amechapisha darasa la kwanza na la pili umeme ulipokatika, kwa kuwa ilikuwa enzi ya mgawo na hakuna aliyetarajia vingine. Uliporudi, mashine ziliamka zimefungwa zote mbili, kila moja ikitaka jina. Niliporudi kutoka shuleni mchana nilimkuta Mama ameketi akiiangalia, mikono mapajani, na Mwalimu Mkuu ameketi kwenye kiti alichokifuta.

Nilisimama kwenye mlango wa uani nikiwa na sare zangu, sikuthubutu kuvuka. Mama alijaribu yote anayoweza mtu kujaribu ili asijaribu lile moja. Aliingia kwa jina lake mwenyewe kwenye mashine ya mbele, ikamkubali, lakini alipolifikia folda la mitihani lililokuwa kwenye mashine ya nyuma kidirisha kikarudi. Akaandika "Bibi". Akaandika "Mama". Akaacha patupu. Akaenda chumba cha nyuma, nikasikia machungwa yakibingirika alipoyasukuma kwa mguu kuufikia waya, akauchomoa na kuuchomeka. Akarudi. Jasho lilikuwa limechora mstari juu ya mdomo wake.

"Shida ni nini, Mama?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Umeme, Mwalimu. Mashine inataka kufunguliwa upya."

"Basi ifungue."

"Aliyeifunga ni mwenyewe, baba watoto."

"Hakukuachia hilo neno?"

Angeweza kusema hakuachiwa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, hata chuoni, tulipokuwa tukijadili maadili ya kazi kwa sauti kubwa na kwa uhakika mwingi. Uongo mdogo ungemwokoa. Mwalimu Mkuu angelaumu wanaume wanaoficha mambo, na wangesubiri hadi jioni. Mama alisema, "Aliniachia. Ninalijua."

"Enhe."

"Siwezi kuliandika."

Mwalimu Mkuu alicheka kidogo puani. "Mama, mimi nimesahihisha watoto miaka na miaka. Akiniambia jibu analijua ila kuliandika hawezi, najua hakusoma."

Hapo Mama alieleza. Ni jina la mkwe wake, alisema, na kwao halitajwi. Mwalimu Mkuu aliuliza alipo huyo mkwe, akaambiwa yuko msibani Muheza. Akatazama saa yake, akasema watoto wa shule nzima wataingia darasani asubuhi, na yeye hawezi kuwaambia kwamba mitihani imekwama kwa sababu ya mila za watu wa Tanga. Alisema bila ukali, kama mtu anayejieleza mwenyewe jinsi alivyofika hapo. Kisha akauliza, anaitwa nani huyo bibi, aliandike yeye.

Macho ya Mama yalizunguka chumba yakitafuta pa kupita. Yalipita kwenye printa, kwenye kalenda, kwenye sakafu, yakanifikia.

"Somo wake ni huyo," alisema. "Huyo hapo mlangoni."

Mwalimu Mkuu aligeuka akanitazama kwa muda. Alivuta kiti. Alikuwa mwandishi wa kidole kimoja, na kila herufi aliyoibonyeza aliitanguliza mdomoni, hata jina langu likatoka kwa mafungu, polepole, kama linavyosomwa darasani. Alipolimaliza lilikuwa limekamilika, limetajwa katika nyumba ambamo mwanamke aliyenizaa hakuwahi kulitaja.

Nami kwa mazoea nikaitika, "Abee, Mwalimu."

Folda likafunguka. Yalikuwa pale majina ya madarasa yote, na la darasa langu likiwa katikati. Mwalimu Mkuu hakuyatazama. Alinitazama mimi, kisha Mama, na nikaona jambo likijipanga usoni mwake kama hesabu inayokwenda ubaoni hatua kwa hatua.

"Kwa hiyo," alisema, "niliomba mtoto huyu afungiwe mtihani. Mkamfanya mtoto mwenyewe ndiye ufunguo."

Mama alijaribu kueleza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili fasaha, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu aliyejiandaa kueleza. Mwalimu Mkuu alisubiri karatasi zichapwe zote, akazihesabu yeye mwenyewe, akazifunga kwa kamba. Mlangoni alisema kwamba hana muda wa kutunga mingine, ila atafanya atakavyoona. Kuhusu muhula ujao, asimuulize.

Baba aliporudi jioni aligomba, lakini hakugombana na yeyote; aligombana na umeme. Bibi alipoambiwa, alimwambia Mama amfikie pale mkekani, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hakuliandika jina lile hata Bibi mwenyewe asipokuwepo. Mama akasema ni kweli. Bibi alimshika mkono. Nilidhani ningefurahi kuiona mikono ile miwili pamoja. Lakini nilikuwa na fikra moja tu. Mlango uliokataa kila mtu ulifunguka kwa jina langu. Mtoto hana njia ya kulifahamu jambo kama hilo ila moja: kwamba huenda ni kweli niliiba, pasipo kujua, kwa kuwa tu ninaitwa hivi ninavyoitwa.

Asubuhi, dawati langu lilitolewa katikati ya wenzangu likawekwa mbele, pembeni ya meza ya msimamizi, likiutazama ukuta. Hakuna aliyetangaza sababu, wala haikuhitajika. Zuhura, niliyeketi naye tangu nihamie, alikuwa mcheshi asiye na inda, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma.

"Mwenzetu kapikiwa nyumbani," alisema nilipokuwa nikisogeza dawati. "Sisi tumekuja kuomba ukoko."

"Sijaona kitu, Zuhura."

"Nani kasema umeona? Mtu akipikiwa si lazima achungulie chungu. Anakula tu."

Darasa lilicheka. Msimamizi alicheka pia, kisha akakumbuka kazi yake.

Nilipogeuza karatasi niliona herufi za mashine yetu. Nilizijua: ile "a" iliyokuwa na doa tumboni kwa sababu ya printa. Nikaona maswali, na nikaona kwamba nayajua. Nikatambua kwamba kila jibu sahihi nitakaloliandika litakuwa ushahidi dhidi ya Mama. Kupata kwangu kungekuwa kuiba kwake. Sijui kama fikra ile ilikuwa ya busara. Ilikuwa safi, hilo nalikumbuka; ilinijia kama maji baridi, nami nikaitii.

Watu hudhani kukosea ni kazi rahisi. Ili ukosee kila mahali unapotaka kukosea, lazima kwanza ujue. Nilifanya hesabu kwa kidole juu ya paja, nikaipata, kisha nikaandika nyingine iliyo karibu nayo, yenye kosa ambalo mtoto mzito angelifanya. Niliacha chache sahihi, maana anayekosa yote huonekana amekusudia. Swali la maarifa ya jamii liliuliza zao kuu la biashara katika mkoa wetu. Mimi, mjukuu wa mkata mkonge, niliyecheza kambini kwa babu nikisuka kamba za nyuzi zake, niliandika: kahawa. Mkono uligoma kidogo kwenye swali lile. Nilihisi nimemkana mtu.

Matokeo yalisomwa mstarini, darasa baada ya darasa, kuanzia wa kwanza. Nilisubiri jina langu nikijua litakapokuwa, na bado lilipofika, karibu na mwisho kabisa, baada ya wale ambao huchekwa kila muhula, nilitazama viatu vyangu. Zuhura alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole," alinong'ona. "Kumbe hukupikiwa kitu." Wiki nzima alinigawia mihogo yake ya kukaanga.

Mwalimu Mkuu alikuja nyumbani alasiri ya siku ya kufunga shule. Safari hii alipiga hodi na kungoja aitikiwe. Baba alikuwapo, na Bibi alikuwa ameketi uani akichambua mchele. Mgeni alikataa chai kwanza, akasema amekuja kusema neno. Alikuwa amemdhania vibaya mama wa nyumba hii, na kwa mtu aliyelelewa vizuri hilo haliachwi lipite. Amezipitia karatasi zangu mwenyewe, jibu kwa jibu.

"Mtoto aliyeuona mtihani," alisema, "hashiki nafasi ile. Nasema kwa heshima, mzazi mwenzangu. Huyu hata angeuona, sidhani kama ungemsaidia."

Akaitoa bahasha ya kazi ya muhula unaofuata, ya kwetu na ya shule nyingine mbili za jirani, ambazo walimu wakuu wake amewaambia habari za mwanamke mwenye siri asiyoitoa hata kwa kubanwa. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kiwanda kifungwe. Alinivuta, akanisimamisha mbele ya mgeni, akaniweka mkono kichwani.

"Afadhali mjinga kuliko mwizi," alisema. "Mshukuru Mwalimu."

Nilimshukuru. Bibi akasema kutoka uani kwamba hata yeye hakuwa mtu wa vitabu, somo wake amemfuata, na nyumba nzima ikacheka, na chai ikanywewa, na mgeni akafungiwa machungwa ya kuwapelekea wanawe. Sijawahi kuwaona watu wa nyumbani kwetu wakiwa na furaha pamoja kama alasiri ile. Nimekaa na picha hiyo miaka yote. Chuoni tulifundishwa kwamba umaskini humnyima mtoto elimu kwa kumkosesha vitabu na madawati. Sikuwahi kuinua mkono nikasema kwamba pana njia nyingine, ambayo ndani yake kila mtu ni mwema na kila mtu anatabasamu.

Mama hakucheka. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema ahsante. Alikuwa anautazama mtihani wangu ambao Mwalimu Mkuu aliuleta kama ushahidi na kuuacha mezani. Alikuwa ameyapiga chapa maswali yale mwenyewe. Niliona kidole chake kikishuka ukurasani, kikipunguza mwendo, kikasimama.

Aliniita jikoni mgeni alipoondoka. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi mbele ya jiko la mkaa, akikuna nazi, na aliendelea kukuna kwa muda bila kunitazama.

"Kahawa," alisema.

Niliegemea ukuta wa jikoni.

"Baba yangu amezikwa na harufu ya mkonge mikononi. Wewe ukaandika kahawa."

"Ndiyo, Mama."

Aliacha kukuna. Nilidhani atanipiga, au atanikumbatia, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, kwa kuwa yote mawili yangekuwa mwisho wa jambo. Alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna anayesikia. Uso wake ulikuwa na haya, haya ya mtu mzima mbele ya mtoto, kitu ambacho sikuwahi kukiona na ambacho nisingependa mtoto yeyote akione.

"Muhula ujao panda," alisema. "Lakini panda kidogo kidogo. Usipande kwa mara moja. Watu watasema."

Nilimwelewa. Nilikuwa mtoto mtiifu, mwenye kupenda kazi ifanywe vizuri, na nilikuwa nimejua tayari jinsi ya kuifanya. Nilichutama karibu yake, nikaokota vipande vya nazi vilivyoruka nje ya sinia, na nikamwuliza, kama nilivyomwuliza siku zote chumvi itiwe kiasi gani, nafasi ya ngapi ingetosha.